Shajara ya mradi: mashindano ya Nipe-Nikupe na Msaliti kwenye laptopu moja

11 Januari 2025: lengo, kanuni, vifaa

Mwaka 1980 Robert Axelrod, mwanasayansi wa siasa wa Chuo Kikuu cha Michigan, alichapisha matokeo ya mashindano yasiyo ya kawaida. Aliwaomba wataalamu wa nadharia ya michezo wamtumie programu za kompyuta zicheze mtanziko wa mfungwa (mchezo wa wawili ambapo kila raundi kila mmoja huchagua kushirikiana au kusaliti), kila moja dhidi ya kila nyingine, raundi 200 kwa mechi. Zikaja 14, naye akaongeza moja inayochagua kwa kubahatisha. Iliyoshinda ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport wa Chuo Kikuu cha Toronto: anza kwa kushirikiana, kisha mfanyie mwenzako alichokufanyia raundi iliyopita. Yakaandaliwa mashindano ya pili, washiriki wakiwa wameshajua nani alishinda na kwa nini. Zikaja 62 kutoka nchi sita. Rapoport alirudisha ileile, ikashinda tena.

Tangu hapo hadithi hiyo husimuliwa kana kwamba jibu limepatikana na kesi imefungwa. Mimi sina uhakika huo, ndiyo maana naijenga upya kwa mkono, nikianza na wachezaji wachache. Naandika hapa kila hatua inapokamilika ili anayetaka kunakili asipotee nilipopotea.

Malipo ni yaleyale ya Axelrod. Wote wakishirikiana, kila mmoja anapata 3. Wote wakisalitiana, kila mmoja 1. Mmoja akisaliti mwenzake akiwa ameshirikiana, msaliti anapata 5 na mwenzake 0. Kwa raundi moja tu kusaliti kunalipa, mwenzako afanye asifanye: 5 badala ya 3, au 1 badala ya 0. Wote wakifuata hesabu hiyo wanaishia na 1, na hakuna anayeweza kujinasua peke yake.

Wachezaji wa mwanzo: Mwema Daima (hushirikiana tu), Msaliti (husaliti tu), Nipe-Nikupe (programu ya Rapoport) na Kinyongo (hushirikiana mpaka asalitiwe mara moja, baada ya hapo hasamehi kamwe). Wengine watakuja wakihitajika.

Vifaa: laptopu ya zamani, lugha ya programu ya Python ambayo ni ya bure, pakiti mbili za karata, dadu na nusu kilo ya maharage.

18 Januari: karata kwanza, kompyuta baadaye

Nilitaka kuona watu halisi wakicheza kabla ya kuandika msimbo. Karata nyekundu ni kushirikiana, nyeusi ni kusaliti. Kila mmoja anaweka yake kifudifudi, zinafunuliwa pamoja, maharage yanahesabiwa. Wachezaji walikuwa majirani, na maharage waliondoka nayo.

Kilichoharibu ni kutangaza idadi ya raundi. Niliwaambia tunacheza kumi. Mama mwenye genge na fundi pikipiki walikwenda nyekundu kwa nyekundu kuanzia mwanzo, vizuri kabisa, mpaka ya kumi, fundi akafunua nyeusi.

“We mwanangu, si tulikuwa tunaelewana?”

“Ya mwisho hiyo, Mama. Ungenilipiza lini?”

Mechi yao iliyofuata, Mama alisaliti kwenye ya tisa. Fundi akajifunza, akahamia ya nane. Wananadharia wamelijua hili kwa hesabu tupu: mwisho ukijulikana, raundi ya mwisho haina cha kupoteza, basi ya kabla yake nayo haina, na hivyo hivyo kurudi nyuma hadi ya kwanza. Kuliona likitembea mezani, hatua moja kila mechi, ni jambo lingine.

Dawa ni dadu. Kila baada ya raundi inarushwa, ikija 6 mechi imekwisha. Hakuna anayejua ya mwisho ni ipi, na uwezekano wa kuendelea ni 5/6. Axelrod alifanya kitu hicho hicho kwenye mashindano ya pili: kila raundi ilikuwa na uwezekano wa 0.00346 wa kuwa ya mwisho, kiasi kwamba nusu ya mechi zingepita raundi 200.

Anayenakili achague dadu lake kwa makini. Axelrod na mwanabiolojia William Hamilton walionyesha mwaka 1981, katika jarida la Science, kwamba kwa malipo haya Nipe-Nikupe anaweza kulinda jamii yake iwapo uwezekano wa kukutana tena haupungui 2/3. Yaani mechi iishe kwa 6 peke yake, au kwa 5 na 6, hapo uko ukingoni. Nilipojaribu iishe kwa 4, 5 na 6, karata nyeusi zilitawala meza na mchezo ukapoteza ladha, watu wakaanza kuulizia chai.

Gharama ya hatua hii: karata na dadu shilingi 7,500, maharage 1,800.

2 Februari: msimbo, na siku Mwema Daima alipokuwa bingwa

Kushirikiana ni 1, kusaliti ni 0. Kila mkakati ni kipande kifupi cha msimbo kinachopewa historia mbili, yake na ya mpinzani, kinarudisha 1 au 0. Kuandika mikakati minne ni kazi ya jioni moja. Kuisahihisha ndiko kulikokula muda.

Kabla ya kuamini chochote, fanya mechi moja kwa kalamu. Msaliti dhidi ya Nipe-Nikupe kwa raundi 200: raundi ya kwanza 5 kwa 0, zilizobaki 199 ni 1 kwa 1. Jumla lazima iwe 204 kwa 199. Kompyuta ikanipa 200 kwa 200. Nilipoandika Nipe-Nikupe kwanza na Msaliti wa pili, ikanipa 204 kwa 199. Matokeo yanayobadilika kwa mpangilio wa majina ni dalili ya kuchungulia: nilikuwa naandika hatua ya mchezaji wa kwanza kwenye historia kabla wa pili hajachagua, kwa hiyo wa pili alikuwa anajibu karata iliyokwisha funuliwa. Ponya hivi: chukua hatua zote mbili kwanza, ndipo uziandike zote mbili.

Hitilafu ya pili ilijificha vizuri zaidi. Mashindano ya wachezaji wanne, kila mmoja akicheza pia na nakala yake, yalitoa:

Mwema Daima 1,800
Msaliti 1,608
Nipe-Nikupe 1,598
Kinyongo 1,203

Mwema Daima bingwa! Kwa dakika kadhaa nilifikiria namna ya kuueleza ushindi huo. Kisha nikaangalia mechi ya Kinyongo dhidi ya nakala yake: 200 kwa 200. Wawili wasioanza ugomvi, wamesalitiana kuanzia raundi ya kwanza. Kinyongo alikuwa anatunza alama ya “nimesalitiwa” ndani yake mwenyewe, na alama hiyo haikufutwa mechi ilipokwisha. Alikutana na Msaliti, akaudhika, akaenda na hasira hiyo kwa Nipe-Nikupe asiye na kosa, halafu kwa pacha wake. Mwema Daima alipona kwa sababu tu ratiba iliwakutanisha mapema.

Suluhisho: mkakati usitunze chochote. Kila kitu ukisome kwenye historia ya mechi husika, na historia ianze tupu. Baada ya hapo:

Nipe-Nikupe 1,999
Kinyongo 1,999
Mwema Daima 1,800
Msaliti 1,608

Namba hizi zote zinathibitika kwa kalamu, zithibitishe. Tazama pia kwamba Nipe-Nikupe hakumshinda mtu hata mmoja. Hawezi: ndani ya mechi yeye daima hutoka sare au nyuma kidogo. Amekusanya zaidi kwa kuwa mechi zake karibu zote ni 600.

9 Februari: nani yuko ukumbini

Jaribio dogo lililobadilisha mtazamo wangu juu ya mradi mzima. Niliongeza mchezaji mmoja tu, nakala nyingine ya Mwema Daima. Msaliti 2,608. Nipe-Nikupe 2,599.

Mnyonge mmoja zaidi ukumbini, na bingwa mwingine. Msaliti anavuna 1,000 kwa kila Mwema Daima, Nipe-Nikupe anavuna 600. Hakuna mkakati ulioandikwa upya. Wageni tu ndio wameongezeka.

Basi kusema “Nipe-Nikupe ndiye bora” bila kutaja dhidi ya nani ni sentensi isiyokamilika. Axelrod mwenyewe aliliona hili. Mkakati unaolipiza baada ya kusalitiwa mara mbili mfululizo ungeshinda mashindano ya kwanza kama mtu angeuleta. Mwanabiolojia John Maynard Smith akauleta kwenye ya pili, ukashika nafasi ya 24, maana safari hii walikuwepo waliojua kuuchezea uvumilivu wake.

22 Februari: vizazi

Swali linalofuata ni la kimageuzi. Kama kila mkakati unazaa kwa kadiri ya pointi zake, ukumbi wenyewe unabadilika. Sehemu ya kila mkakati katika kizazi kijacho ni sehemu yake ya sasa mara wastani wa pointi zake, gawanya kwa wastani wa jamii nzima.

Jaribio la kwanza lilikuwa na watu 100 kamili, na kila kizazi nikikadiria kwenda namba nzima iliyo karibu. Halifai. Mkakati unaostahili watu 0.4 unakuwa 0, na ukishakuwa 0 haurudi. Mikakati ilikuwa inakufa kwa makadirio. Tumia asilimia zenye desimali kwanza, watu kamili waje baadaye na kwa njia ya kubahatisha.

Nikaanza na theluthi kwa theluthi: Mwema Daima, Msaliti, Nipe-Nikupe. Kizazi cha kwanza Msaliti anapanda hadi 35.1%, cha pili 35.8%, cha tatu anashuka 35.3%, na hapandi tena. Mwema Daima anakwenda 30.0, 27.0, 24.6. Nipe-Nikupe 34.9, 37.2, 40.1. Msaliti anamaliza chakula chake mwenyewe: kadiri Mwema Daima anavyopungua ndivyo anavyobaki kukutana na wasaliti wenzake, kwa 1 kwa 1. Mwishowe anatoweka. Mwema Daima hatoweki, anabaki na sehemu yake chini ya kivuli cha Nipe-Nikupe, kwa sababu Msaliti akishaondoka hao wawili wanacheza sawasawa, wote 600.

Usisherehekee haraka. Ukiwa na watu kamili na kubahatisha, Mwema Daima anaweza kuongezeka kidogo kidogo bila sababu yoyote, mpaka ukumbi ukawa laini tena kwa msaliti mmoja wa kuja. Nimeona mzunguko huo mara nyingi kiasi kwamba sasa nikiona ushirikiano wa 100% najiuliza tu utadumu vizazi vingapi.

Na upande wa pili: ushirikiano unaanzaje pale wote ni wasaliti? Watu 100, mmoja tu Nipe-Nikupe, raundi 200. Yeye anapata 19,701, kila msaliti 19,804. Anakufa. Wakiwa wawili: 20,102 kwa 19,808. Wanaenea. Wawili wanaokutana wanatosha! Lakini punguza mechi ziwe raundi 10, na sasa wanahitajika wanane. Wasiojuana muda mrefu wanahitaji kuanza wakiwa wengi.

Gharama: bando la shilingi 2,000, na sehemu kubwa niliitumia kusoma.

15 Machi: mkono ukiteleza

Mpaka hapa hakuna mchezaji aliyekosea. Kwenye maisha mtu husema hiki kikasikika kile, mzigo huchelewa njiani bila hila ya yeyote. Nikaweka uwezekano wa 1% kwamba hatua iliyokusudiwa inageuka kinyume.

Zingatia mahali pa kuweka kosa. Nilipoligeuza baada ya kuandika historia, pointi zilibadilika lakini hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyeliona. Nilipoandika kwa mpinzani hatua halisi na kwa mkosaji hatua aliyokusudia, mkosaji akawa hajui amekosea. Hilo si kosa la msimbo kwa lazima, ni aina nyingine ya kosa, ila amua unataka ipi. Mimi nataka mkono uteleze na wote wawili waone, basi historia zote mbili zibebe hatua halisi.

Nipe-Nikupe wawili, waliokuwa wanapata 600 kila mmoja, wakashuka hadi wastani wa 492. Kosa likifika 5% wanapata 458. Nilirudia kwa fomula kwa kuwa sikuamini, ikatoa zilezile. Sababu unaiona ukichapisha mechi moja: mmoja anateleza, mwenzake analipiza, wa kwanza analipiza kile kisasi, wa pili naye vilevile, zamu kwa zamu, mpaka kosa jingine liwakwamue au liwatumbukize wote kwenye kusalitiana moja kwa moja. Mechi ikiwa ndefu vya kutosha wanaishia wastani wa 2.25 kwa raundi, sawa na watu wawili wanaorusha shilingi. Na hao ni mabingwa wawili wa mashindano ya Axelrod wamekutana.

Dawa iliandikwa na Martin Nowak na Karl Sigmund mwaka 1992: Nipe-Nikupe mkarimu. Namwita Msamehevu. Akisalitiwa, anasamehe kwa uwezekano wa theluthi moja. Kwa nini theluthi? Anayesaliti mara moja kisha akarudi kwenye mstari anapata ziada ya 2 (5 badala ya 3). Raundi inayofuata, kwa uwezekano wa theluthi mbili, analipizwa na kupoteza 3. Theluthi mbili ya 3 ni 2. Sare. Ongeza ukarimu kidogo tu juu ya hapo, na wizi mdogo mdogo unaanza kulipa.

Msamehevu wawili kwa kosa la 1%: karibu 594 badala ya 492. Bei yake inaonekana mbele ya Msaliti: kwa mechi isiyo na makosa anatoka na takriban 133 pale ambapo Nipe-Nikupe alipata 199. Kwa hiyo hawezi kuanzisha ushirikiano kati ya wasaliti. Nipe-Nikupe anafungua njia, Msamehevu anapita baadaye. Nikianza na jamii iliyojaa Msaliti na wachache wa kila aina, huo ndio utaratibu ninaoupata.

Nikamwingiza na Pavlov, ambaye Nowak na Sigmund walimtetea mwaka 1993. Kanuni yake: ukipata 5 au 3 rudia ulichofanya, ukipata 1 au 0 badili. Kati ya Pavlov wawili mmoja akiteleza, raundi inayofuata wote wanasaliti, na ya baada yake wamerudi kushirikiana. Safi kuliko Msamehevu, na hana haja ya kubahatisha. (Kwa ile aina nyingine ya kosa, ambapo mkosaji hajui, wanachelewa raundi moja zaidi.) Ila mbele ya Msaliti anafanya kichekesho: anashirikiana, anapata 0, anabadili, anapata 1, anabadili tena, bila kikomo. Wastani wa 0.5, huku mwenzake akivuna 3. Na akiteleza mbele ya Mwema Daima, akagundua kwamba hakuna kisasi, anaendelea kumnyonya hadi ateleze tena. Simpendi, lakini namba zake nazikubali.

5 Aprili: majirani kwenye jedwali

Katika hatua hii wachezaji hawana kumbukumbu kabisa. Nowak na Robert May, 1992: jedwali la seli, kila seli ni mshirika au msaliti, inacheza na majirani wake 8 na nafsi yake, kisha inaiga aliyepata pointi nyingi zaidi kati ya hao. Washirika wawili wanapata 1 kila mmoja, msaliti dhidi ya mshirika anapata b, vingine vyote 0. Niliweka b 1.85, jedwali la 99 kwa 99, washirika watupu na msaliti mmoja katikati.

Orodha za kawaida za Python zilikuwa nzito mno kwa laptopu hii, feni ililia mpaka nikaizima. Ukitumia NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za majedwali, kazi inakwenda bila shida. Ukiacha ule mchezo wa seli na nafsi yake, thamani za b zinazotoa michoro zinabadilika, kwa hiyo usinakili 1.85 bila kuangalia hilo.

Inavyotoka ni nzuri ajabu: mchoro wenye ulinganifu pande zote nne, unapanuka kama mkeka unaofumwa kutoka katikati, washirika na wasaliti wakiishi pamoja bila yeyote kumaliza mwenzake. Washirika wanaokoka kwa kukaa makundi.

Halafu nikafanya jaribio la Bernardo Huberman na Natalie Glance la mwaka 1993. Badala ya seli zote kubadilika kwa mpigo mmoja, zibadilike moja moja kwa mpangilio wa kubahatisha. Msimbo ni uleule, b ni ileile 1.85. Ulinganifu ukavunjika, usaliti ukaenea, jedwali lote likawa rangi moja. Uzuri wa mwanzo ulitegemea saa moja inayowagongea wote kwa pamoja, na sijui jamii gani hai inaishi kwa saa hiyo. Kwa b ndogo zaidi washirika wanaendelea kuwepo hata bila saa, kwa hiyo ujirani unasaidia, ila si kwa kila bei. Anayechapisha michoro ya namna hii aweke matokeo ya njia zote mbili.

12 Aprili: uhakiki na kinachofuata

Kuna maktaba ya Python ya bure iitwayo Axelrod, yenye mikakati zaidi ya 200. Nimeiacha mpaka sasa makusudi, ili nisikwepe hitilafu ambazo zimenifundisha zaidi ya matokeo. Niliisakinisha kwa ajili ya kulinganisha: Msaliti na Nipe-Nikupe 204 kwa 199, na mechi za makosa ya 1% zinakaa kwenye 492 na 594 kama zangu. Anayetaka majibu ya haraka aanzie huko, ila mechi ile moja ya kalamu asiiruke.

Jumla ya matumizi mpaka leo ni shilingi 15,300: karata na dadu 7,500, maharage 1,800, bando 6,000. Umeme sikuupima.

Kinachofuata ni sifa. Kwenye kila jaribio hapa juu anayelipiza ni yule yule aliyesalitiwa. Mwaka 1998 Nowak na Sigmund walijenga modeli ambamo hukutani na mtu yule tena, ila wengine wamesikia ulivyowatendea wenzao. Ugumu ninaouona tayari uko hapa: anayemnyima msaliti anaonekana naye mnyimaji, na jina lake linachafuka kwa kufanya kilicho sahihi. Nitaanza na sifa ya namba moja tu kwa kila mchezaji, kisha niongeze kigezo cha sifa ya yule aliyenyimwa, na kuona tofauti kati ya hizo mbili kwa kosa la 1%.